Class 37 ya OO imefika baada ya kungojewa sana: bogi linatoka relini, taa nyekundu haziwaki

reli_mezani

Wakuu, habari za humu. Ile Class 37 ya OO (modeli ya kichwa cha dizeli cha Uingereza, kipimo cha 1:76) tuliyoilipia kabla kalibu yake haijachongwa imefika. Yangu ni 37/4, buluu ya nembo kubwa ubavuni, toleo lisilo na sauti. Umbo halina lawama: grili za radieta zinapitisha mwanga, feni inaonekana ndani, vishikio vya mlangoni ni vyembamba kama sindano. Matatizo yameanza baada ya kufungua bodi na kuweka dekoda (kadi inayopokea amri za kontrola) ya sauti, LokSound 5 ya pini 21, iliyonunuliwa kando.

Meza ni mita 2.4 kwa 1.2, reli za code 100, duara la nje R3, la ndani R2 (vipimo vya kona, R2 ndiyo kali zaidi). Hali ni hii:

1. Duara la nje kichwa kinapita bila shida. Duara la ndani bogi la mbele linatoka relini, mahali palepale, kikienda mbele tu. Kikirudi nyuma hakitoki.
2. Taa nyeupe zinawaka. Nyekundu za nyuma na taa ya kibanda cha dereva zimekufa kabisa, mbele na nyuma.
3. Kwenye reli ya kuprogramu hakuna CV (namba ya mipangilio ya dekoda) inayosomeka. Kontrola inasema hakuna jibu. Lakini kwenye njia kuu anwani 3 inaendesha vizuri tu.
4. Sauti ipo ila nyembamba, haina besi hata kidogo. Spika ni mbili, omu 8 kila moja, moja kubwa ya kwenye tangi na moja ndogo ya umbo la kipande cha sukari.

Mabomba ya breki na vikorombwezo vingine kutoka kwenye ule mfuko nimeshabandika upande wa namba 1, ule wenye feni. Upande wa pili bado. Je, vyote vilipaswa kubandikwa?

---

kona_505

Mkuu, tatizo la kwanza linapimika kwa dakika mbili. Inua kichwa ukigeuze, upande wa namba 2 utangulie, kipite palepale kwa mwendo uleule. Kikipita salama, kosa liko upande wa namba 1 wa kichwa chenyewe. Kikitoka tena, kosa liko relini.

Ila kwa maelezo yako nashuku mabomba. Class 37 ya kweli ina urefu wa futi 61 na inchi 6, kwa hiyo ya OO ni milimita 246. Ikiingia R2, yaani nusu kipenyo cha mm 438, pua inatokeza nje ya kona na ndoano inalazimika kugeuka kuelekea ndani. Ukibandika seti nzima ya mabomba, ndoano inakosa nafasi ya kugeuka. Ikigonga bomba, bogi linazuiwa kuzunguka na ekseli ya kwanza inapanda juu ya reli. Kwenye R3 (mm 505) pembe ni ndogo kidogo, ndiyo maana duara la nje halikusumbui.

Toa ndoano ya upande huo, inachomoka kutoka kwenye mfuko wake wa kiwango cha NEM 362 kwa kuivuta moja kwa moja, halafu jaribu tena. Ikipita, chagua moja: ubaki na ndoano na mabomba mafupi ya pembeni tu, au ubaki na pua kamili bila ndoano. Wengi wenye kona za R2 huvalisha upande mmoja tu, ule usiovuta mabehewa.

Tatizo lisiposuluhika hapo, angalia waya. Watu wakishaweka dekoda hurudisha bodi wakiwa na haraka, na waya wa bogi hubanwa kati ya chasisi na nguzo ya gia. Shika kichwa mkononi na uzungushe kila bogi kwa kidole kushoto na kulia. Lizunguke sawasawa pande zote mbili na lirudi bila kusukumwa. Linaloruka kama springi lina waya unaolivuta.

Halafu pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu kwa kalipa: mm 14.4 hadi 14.5, ekseli zote sita. Gurudumu lililosogea ndani hadi 14.2 litapita kwenye reli nyoofu miaka yote na kuanguka kwenye swichi ya kwanza. Usilivute kwa koleo. Lishike kwa vidole, lizungushe huku ukilivuta taratibu, upime tena.

Na kwa kuwa ni mahali palepale, usiisamehe reli. Laza rula ya chuma kwenye kiungo. Reli za kona zikiungwa kizembe huacha pembe badala ya tao, na bogi la ekseli tatu haliivumilii kama la ekseli mbili. Hapo unaweza kuwa na makosa mawili madogo yaliyokutana.

---

pini_ya_11

Mimi nachukua la pili na la tatu.

Taa. Dekoda za pini 21 zinafanana kwa macho lakini ziko za namna mbili. Za kwanza zina AUX3 na AUX4 (matokeo ya ziada) zenye nguvu ya kuwasha taa moja kwa moja. Za pili, ESU, watengenezaji wa LokSound, huziandika MKL, AUX3 na AUX4 hutoa ishara tu, na bodi ya umeme ya kichwa ndiyo inayotakiwa kuikuza. Bodi ya umeme ya kichwa chako ikitegemea namna ya kwanza nawe umeweka ya pili, taa nyeupe zitawaka kwa sababu ziko kwenye matokeo ya kawaida ya F0 (kitufe cha taa), na hizo nyingine zitabaki kiza. Soma herufi zilizo kwenye karatasi ya dekoda, sio picha ya dukani. Ikiwa ni MKL, njia fupi ni kubadilishana na mtu kabla hujaikwaruza.

Ikiwa dekoda ni sahihi, basi ni ramani ya vitufe. Faili la sauti lililochomwa kwa ajili ya modeli ya mtengenezaji mwingine huziweka taa nyekundu kwenye AUX ambazo kwako hazina kitu. Hapo hakuna kilichoungua. Fungua jedwali la vitufe kwa LokProgrammer (kifaa cha ESU cha kuprogramu kwa kompyuta), uhamishe matokeo.

Kabla ya yote hakikisha imekaa vizuri. Nafasi ya pini namba 11 imezibwa ili dekoda isiingie kinyume, lakini soketi ni laini na pini ni nyembamba. Ikisukumwa kwa pembe, pini moja hulala. Toa, tazama kwa kioo cha kukuzia, pini zote ziwe wima.

Kuprogramu. Dekoda hujibu kontrola kwa kuvuta mkondo zaidi, angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6 hivi, na kwa kawaida huitumia mota kufanya hivyo. Ndiyo maana kichwa hutikisika kidogo kinaposomwa. Kichwa chako kina kapasita za kukilinda kisizimike kwenye uchafu. Kikiwekwa tu kwenye reli ya kuprogramu, kapasita zinaanza kujaa na kuvuta mkondo, na kontrola yenye nguvu ndogo haioni tena ule mtikisiko wa jibu. Fanya hivi kwa mpangilio:

Safisha magurudumu kwanza. Kisha angalia kwenye bodi ya umeme kama kuna jampa au swichi ndogo ya kukata kapasita, uikate wakati wa kuprogramu. Kama haipo, kiache kichwa kwenye reli sekunde kadhaa kapasita zijae, ndipo usome. Ikishindikana, andika CV ukiwa njia kuu. Hutasoma kitu, lakini kuandika kutakubali.

Anwani ndefu usiiandike kwa njia kuu kwa kubahatisha, ihesabu. Tuseme unataka 7407 kwa ajili ya kichwa namba 37407. Gawa kwa 256: inaingia mara 28, inabaki 239. CV17 = 192 + 28 = 220. CV18 = 239. Mwisho kabisa CV29, maana ndiyo inayoibadilisha anwani itumike. Kwa hatua 28 za mwendo, RailCom (njia ya dekoda kuijibu kontrola) ikiwa wazi na anwani ndefu: 32 + 8 + 2 = 42.

Umeona sijajumlisha 4 ya umeme wa DC wa kawaida. Ni makusudi. Kichwa chenye kapasita kikiruhusiwa DC, ishara ikikatika kidogo dekoda inaweza kudhani imewekwa kwenye meza ya DC na kuondoka kasi yote. Ukitaka kukipeleka kwa rafiki mwenye kontrola ya zamani, rudisha 46.

---

besi_ndani_ya_tangi

Sauti nyembamba yenye spika mbili: asilimia kubwa ni kwamba zimefungwa kinyume. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi ndiyo ya kwanza kufutika.

Kata spika zote mbili kutoka kwenye dekoda. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwa kufumba na kufumbua, ukitazama utando wa spika kwa taa ya pembeni. Weka alama ya kalamu kwenye ncha iliyoguswa na chanya wakati utando ulipotoka nje. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili, kisha unganisha alama kwa alama. Usifanye hili dekoda ikiwa bado imeunganishwa, utaiua.

Omu 8 na omu 8 sambamba ni omu 4. LokSound 5 inaruhusu 4 hadi 32, kwa hiyo uko mpakani lakini salama. Mtu mwenye mbili za omu 4 asiige hapa: sambamba zitakuwa 2 na kikuza sauti kitaungua.

Pili, kisanduku. Spika isiyozibwa nyuma, hewa ya mbele inakutana na ya nyuma, unabaki na mlio wa nyuki. Kile kidogo cha umbo la sukari hasa. Pitisha gundi nyeupe ya mbao kuzunguka ukingo na kwenye tundu la waya, iache usiku kucha. Usitumie supa gluu hapo, mvuke wake hukausha utando.

Baada ya hayo ndipo uguse CV63, sauti kuu. Inakwenda 0 hadi 192. Chumbani 90 hadi 110 inatosha. Ukiipandisha hadi mwisho, bodi ya plastiki ndiyo itakayolia badala ya spika.

---

trekta_la_buluu

Mmeruka jambo moja, jamani. Faili la sauti ni la mashine gani? Class 37 karibu zote zina mashine ya English Electric 12CSVT, V12, nguvu farasi 1,750, na 37/4 zote 31 (37401 hadi 37431) zilibaki nayo zilipofanyiwa ukarabati 1985 na 1986 na kupewa umeme wa kupasha joto mabehewa. Hapo mkuu yuko salama. Lakini atakayenunua 37/9 asichukue faili hilohilo: 37901 hadi 37904 ziliwekewa Mirrlees, 37905 na 37906 Ruston, na mngurumo ni mwingine kabisa.

Wanaopenda kubadili namba nao waangalie pua. D6700 hadi D6818 (namba za awali) zilitoka kiwandani na visanduku viwili vya namba ya safari ya treni, kimoja kila upande, vikiwa vimetenganishwa na milango ya kupitia katikati. Kuanzia D6819 ni kisanduku kimoja cha katikati. Kubandika namba ya kundi moja kwenye pua ya kundi jingine ndiyo kosa linaloonekana kwanza na ndilo lisilorekebishika kwa rangi.

Kuhusu mfuko: hakuna anayelazimika kubandika vyote. Mabomba yatie gundi ile ya madirisha inayokauka kwa kung'aa, tone dogo kwa kijiti cha meno. Supa gluu karibu na kioo ni marufuku. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ya dirisha na huwezi kuufikia bila kung'oa kibanda chote. Bati za majina zilizochongwa kwa asidi zikatwe kwa kisu kipya juu ya kioo, zisikatwe kwa mkasi, mkasi huzikunja.

---

mchanga_relini

Kwa hilo la bogi kutoka, tia mafuta ya kupuliza ya bawaba kwenye ekseli, litalainika.

---

kona_505

Hapana, ndugu. Mafuta ya kupuliza yanasambaa. Yataingia kwenye vipokea umeme, yatabeba vumbi, na baadhi hula plastiki na rangi. Tumia mafuta mepesi yaliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki, yachukuliwe kwa ncha ya sindano, tone moja lisilozidi kichwa cha pini kwenye kila beringi ya ekseli. Gia za bogi zinakuja na grisi ya kiwandani, ziache. Ziangalie tu kama grisi imekaa sehemu moja, maana vichwa hivi vimekaa ndani ya boksi safari nzima ya meli.

Na kwa yeyote aliyepokea chake juzi: kipashe kwanza. Nusu saa mbele, nusu saa nyuma, mwendo wa kati, bila mabehewa, bodi ikiwa juu, na kabla ya kuweka dekoda ya sauti. Mota ikiwa na hitilafu utaijua kwenye umeme wa DC wa volti 12 bila kuhatarisha dekoda ya bei. Kontrola za zamani zinazopiga umeme kwa mapigo siziamini kwa mota ndogo za kisasa, huzipasha moto.

Baada ya dekoda kuwekwa, fanya marekebisho ya mota yenyewe. Kwenye LokSound 5, weka kichwa kwenye reli nyoofu, mbele yake kuwe na mita 2 wazi, andika CV54 = 0, bonyeza F1. Kitaruka kasi yote kama sekunde moja na nusu, kisha kitasimama. Mkono uwe tayari. Kikianza kutambaa kwa hatua ya kwanza bila kushtukashtuka, imekubali.

---

chumvi_ya_pwani

Swali dogo kutoka Mombasa. Kwanini modeli hizi huchelewa hivi, na nikikiacha kwenye boksi lake bila kukitumia mwaka mzima kuna ubaya?

---

trekta_la_buluu

Kuchelewa: bodi moja ya Class 37 haitoshi. Kuna pua za namna mbili, grili tofauti, matangi tofauti, paa tofauti, na kila tofauti ni kipande cha kalibu ya chuma kinachoingizwa na kutolewa. Mchoro wa kompyuta ukishakubalika, kalibu inachongwa, vinatoka vipande vya kwanza visivyo na rangi, vinakaguliwa, kalibu inakwanguliwa tena. Kisha sampuli zenye rangi, na hapo ndipo mtu anagundua mstari wa njano umepanda nusu milimita. Baada ya hapo unasubiri zamu yako kiwandani China, ambako kiwanda kimoja hutengenezea kampuni kadhaa, halafu meli. Kosa likionekana kwenye hatua ya kalibu ni la miezi. Likionekana kwenye rangi ni la wiki.

Kuhifadhi: adui wako ni chasisi ya aloi ya zinki. Aloi ikiwa imechanganyika na risasi hata kidogo, inaoza kutoka ndani, na unyevu unaharakisha. Dalili ni nyufa kama nywele, chasisi kuvimba na kupinda, bodi kukataa kutoka au kukaa imepanda mwisho mmoja. Haina dawa, ni kubadilisha chasisi. Kwa hiyo fungua boksi mapema ukiwa bado ndani ya dhamana, laza kichwa juu ya kioo na uone kama kiko sawa. Kisha tia vipakiti vya silika ndani ya boksi na uvikaushe kila baada ya miezi michache. Sponji iguse bodi kupitia karatasi laini, kwa joto la pwani baadhi ya sponji hunata kwenye rangi.

---

reli_mezani

Majibu kwa ufupi. Jaribio la kugeuza: upande wa namba 2 umepita bila kutoka. Ndoano ya namba 1 ikitolewa, kichwa kinapita pande zote. Mabomba marefu mawili yameondolewa, ndoano imerudi, kinapita. Spika zilikuwa kinyume kweli, sasa besi ipo hadi meza inatetemeka, CV63 iko 100. Dekoda imeandikwa MKL. Inabadilishwa.

La nyongeza. Zile dizeli zetu za Class 87 za Kenya, za reli ya upana wa mita moja, zilizokuwa Class 90 za EAR (Reli ya Afrika Mashariki), si ndugu wa hii? Sauti hii inaweza kutumika kama mtu akijenga moja?

---

pini_ya_11

Ndugu wa damu. English Electric nao, walianza 1960 kama Class 37, na mashine ni 12CSVT ileile ila imewekwa farasi 1,840. Mlio wa kusimama na wa kupanda mlima unaotoka kwenye faili la 37 utafaa. Honi za Uingereza zizime kwenye jedwali la vitufe, hizo ndizo zitakazokuumbua.

Ugumu uko chini. 37 ni Co-Co, ekseli sita. 87 ni 1Co-Co1, ekseli nane, mbili za kubeba tu. Kwa hiyo kuchukua chasisi hii na kuibana haitafaa. Reli ya mita moja kwa kipimo cha 1:87 ni mm 11.5, na reli ya mm 12 (HOm) ya Peco au Tillig inatosha. Kwa 1:76 ingekuwa mm 13.1, na hiyo hupati tayari dukani. Jenga 1:87.

Mota na gia tafuta kwenye dizeli za TT 1:120, nazo hutembea juu ya mm 12. Pima gurudumu kabla ya kununua: gurudumu la 37 la futi 3 na inchi 9 likipunguzwa hadi 1:120 ni mm 9.5, na kwa 1:87 hiyo ni sawa na mm 829 za kweli. Ekseli za kubeba zipe mchezo wa kwenda pembeni milimita 2 kila upande na springi nyepesi ya kuzikandamiza chini. Ukizifunga imara zitabeba uzito wa magurudumu ya kuvuta, na kichwa kitazungusha magurudumu bila kwenda popote.

---

reli_mezani

Springi ya waya wa unene gani?

---

pini_ya_11

Waya wa shaba fosfori wa mm 0.3, mrefu kama mm 25, umelehemiwa upande mmoja tu. Ukiinua kichwa, ekseli ya kubeba ishuke nusu milimita chini ya nyingine. Ikishuka zaidi, inapunguza mvuto, kunja waya kidogo kurudi juu.